Naombeni ushauri: Nataka kumpeleka mama jangwani Arizona likizo hii ya Krismasi, tulale kwenye gari-nyumba

BintiChumbageni

Wakuu habari zenu, na poleni wote mlioamkia kukwangua barafu kwenye vioo vya magari.

Mama yangu ametoka Tanga mwishoni mwa mwezi wa tisa, yupo na sisi hapa Minneapolis mpaka katikati ya Februari. Ana miaka 68, ana kisukari, anachoma insulini kila usiku. Oktoba alikuwa anatembea na wajukuu mpaka bustanini, anasalimia kila anayepita, hata wasioitikia. Tangu theluji ianguke hajatoka nje. Anakaa kwenye kiti cha dirishani, sweta mbili na kanga juu yake, anafuta ukungu wa kioo kwa ncha ya kanga, anatazama jua. Juzi, nje ikiwa nyuzi 19 chini ya sifuri na jua linawaka kweupe, akaniuliza, "Mwanangu, jua hili mbona halina moto?" Sikuwa na jibu. Usiku ule sikulala.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wazazi wa mwenzangu mmoja ni wastaafu, na kila mwaka baridi ikianza hupanda gari-nyumba lao, haya wanayoyaita RV, wakaenda Quartzsite, mji mdogo wa jangwani Arizona, wasirudi mpaka Aprili. Anasema wanafika wengi mno, wanaegesha jangwani, mchana wanaota jua na jioni wanakaa kwenye moto na majirani. Wazee wale wametuambia twende tuegeshe karibu nao. Mimi, mume wangu, watoto wawili (miaka 9 na 6) na mama.

Naomba mnisaidie. Tukodi gari-nyumba hapa hapa tuendeshe, au turuke kwa ndege mpaka Phoenix tukakodi huko? Mama kwa hali yake ataweza? Na sisi weusi, Waislamu, mama na kanga zake, tutapokewaje na wazee wa kizungu watupu? Shule zimefungwa siku 12. Tumejibana tukapata dola 4,000. Zikiisha hizo, hakuna nyingine.

DerevaMasafa

Dada, mimi ni dereva wa lori, njia hiyo naijua. Kutoka hapo mpaka Quartzsite ni kama maili 1,800. Unateremka na barabara kuu ya I-35 mpaka Oklahoma City, unakunja magharibi na I-40. Gari-nyumba la watu watano linakula galoni moja kwa maili 8 mpaka 10. Kwenda na kurudi ni kama galoni 400. Hata galoni ikiwa dola 3, hapo ni dola 1,200 za mafuta tu, na siku tatu kila upande. Siku 12 zako zimebaki sita.

Halafu barafu. Watu wakisikia Arizona wanadhani yote ni joto. Flagstaff iko juu zaidi ya mita 2,000, Desemba inaanguka theluji kama hapo kwenu. Mwaka mmoja nililala Amarillo siku mbili njia imefungwa. Lori ni kazi yangu, nilivumilia. Mama mwenye kisukari, miguu imening'inia kwenye kiti siku tatu, hapana.

Jingine wengi hawalijui: gari-nyumba la Minnesota wakati wa baridi mabomba yake yamejazwa dawa ya kuzuia kuganda. Huwezi kutia maji mpaka uvuke ukanda wa barafu, vinginevyo mabomba yanapasuka na gharama ni yako. Maana yake siku mbili za mwanzo hamna maji ya choo wala ya sinki.

Ruka mpaka Phoenix. Kutoka pale ni I-10 moja kwa moja kuelekea magharibi, maili 125, saa mbili tu.

MzeeWaMakadara

Mwanangu, nitakwambia ninavyoona, usinichukie. Mamako hakuvuka bahari kuja kulala ndani ya gari. Amekuja kuona wajukuu. Dola 4,000 ni pesa nyingi. Kama baridi imemshinda, mbadilishie tikiti arudi Tanga Desemba hii, akae barazani kwake na wenziwe, na hizo pesa zilizobaki zimkatie bima nzuri ya afya. Jangwa ni jangwa. Hakuna mti wala bahari, na usiku baridi iko vilevile.

BintiChumbageni

Mzee wangu shikamoo. Sikuchukii hata kidogo, nilishamuuliza mama hilo la kurudi mapema. Alinyamaza kidogo akasema, "Nikiondoka sasa, nitawaona tena lini?" Mdogo alikuwa hamjui kabla ya Septemba. Mama hataki kuondoka, anataka kutoka nje.

BintiUnguja

Assalam aleikum dada. Sisi tulikwenda Januari 2022, mimi na mume wangu na mama mkwe. Nitakueleza nilivyoona.

Kusini mwa mji kuna ardhi ya serikali kuu inaitwa La Posa, zaidi ya ekari 11,000, ni changarawe na vichaka, milima imezunguka. Imefunguliwa kwa wakaaji wa msimu tangu Septemba 15 mpaka Aprili 15. Tulipokwenda sisi kibali cha siku 14 kilikuwa dola 40, na cha msimu mzima 180. Uliza bei ya sasa kabla hujafunga safari. Kwa hela hiyo unapata mahali pa kuchota maji, pa kutupa taka na pa kumwaga tenki la choo. Yapo pia maeneo ya bure ya kukaa siku 14, lakini huko hamna maji wala chochote. Mkiwa na mama, lipeni.

Desemba mchana ni kama nyuzi 18 mpaka 20, jua kali, anga bluu tupu. Likizama tu, baridi inaingia. Usiku inashuka mpaka 5, siku nyingine inakaribia sifuri. Kwa hiyo mzee wa Makadara hakukosea, chukueni mablanketi. Gari lina hita ya gesi, ila feni yake inatumia betri. Muulize mwenye gari betri zina hali gani, maana saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi ni muda wa utulivu, huwashi jenereta. Na hakikisha king'ora cha kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, kinalia. Kibonyeze mwenyewe mbele ya mwenye gari kabla hujatia saini.

Sasa maji. Sisi tunatumia maji kuliko wao, tusidanganyane. Watu watano, udhu mara tano, na chooni tunajisafisha kwa maji. Tenki la choo lililowatosha wazungu wawili wiki mbili, kwetu lilijaa siku ya nne. Na maji machafu hayamwagwi chini. Tulichofanya: madumu ya ziada ya maji ya galoni 6, birika moja dogo la kutawadhia, na mchana wote tulitumia vyoo vya shimo vilivyojengwa pale, ni visafi. Egesheni karibu na choo kimojawapo, mama asitembee mbali.

Friji pia. Ile ya gesi haitaki gari liegemee upande. Mume wangu alilala kifudifudi kwenye changarawe anasukumiza mbao chini ya matairi mpaka yai likakaa juu ya meza lisibiringike. Mbona nasisitiza? Insulini ya mama.

Kuhusu kupokewa: kweli karibu wote ni wazungu wazee, Wamarekani na Wakanada. Mimi nimevaa hijabu siku zote kumi. Siku ya kwanza walitutazama. Siku ya pili bwana mmoja akaja na viti viwili akasema tusikae kwenye ndoo. Watu wa pale wanakaa nje dada, milango yao iko wazi, ukipita unaitwa. Tangu nije Marekani sijaona mahali panapofanana na baraza kama pale. Wapo pia wenye bendera na maneno yasiyonipendeza, tulipita pembeni, hawakutusemesha.

Makasi_Phoenix

Jambo dada. Siye tuko huku Phoenix tangu 2014, tulitokea kambi ya Nyarugusu. Mkishuka kwa ndege msikimbilie jangwani. Quartzsite maduka ni madogo na bei iko juu. Nunueni huku Phoenix: nyama ya halali kwa Wasomali, unga wa mahindi, muhogo, samaki wakavu, sombe (kisamvu). Ijumaa mkiwa huku, msikiti wa Tempe mpeleke mama auone. Umejengwa kwa mfano wa Kubba la Mwamba la Yerusalemu.

NesiWaZamu

Nimesoma wote, hakuna aliyegusa jambo hili, na naliandika kwa uzito: vumbi.

Udongo wa kusini mwa Arizona una kuvu aina ya Coccidioides. Upepo ukivuma, au mtoto akichimba, mbegu zake zinapanda na vumbi unazivuta. Ugonjwa wenyewe wanauita homa ya bonde. Wengi hawaumwi kabisa, au wanakohoa wiki kadhaa wakapona. Lakini wenye kisukari, wajawazito, na sisi watu weusi tumo kwenye kundi ambalo ugonjwa unaweza kuwa mkali. Mama ana sababu mbili kati ya hizo.

Sisemi asiende. Kukaa miezi ndani bila kutembea, bila kuongea na mtu wa rika lake, kwa mgonjwa wa sukari nako kuna madhara, nayaona kila siku wodini. Lakini upepo ukianza, mama ndani na madirisha yafungwe. Asikae karibu na njia wanayopita wale wa magari ya magurudumu manne ya michezo. Watoto wasichimbe mashimo. Barakoa za N95 pakiti moja ikae mlangoni.

Ugonjwa hauambukizi mtu kwa mtu, na dalili huanza wiki moja mpaka tatu baada ya kuvuta vumbi: homa, kikohozi, uchovu mzito, maumivu ya viungo. Kwa mama hizo zinaweza kumkuta hapo Minneapolis, au akachelewa kwenda kupimwa mpaka yuko Tanga. Kule daktari atawaza malaria, akitoka hapo atawaza kifua kikuu. Kwa hiyo mwandikieni karatasi: alikuwa Arizona tarehe fulani mpaka fulani, akiumwa apimwe homa ya bonde. Kiswahili na Kiingereza.

Hospitali ya karibu iko Parker, maili 35. Bima ya wageni mkatie kabla ya safari. Na insulini isigande, usiku isilale karibu na kioo.

Mwanasheria_wa_Mtaani

Ongezeo moja. Mtasikia wazee wa pale wanaenda Los Algodones, Mexico, karibu na Yuma, kutengeneza meno na kununua dawa kwa bei rahisi. Mama asivuke. Amekuja kwa viza ya kutembelea, msimtoe nje na kumrudisha kwa ajili ya dawa. Hata msipovuka, mkienda Yuma kutembea, wakati wa kurudi kaskazini kwa njia ya 95 kuna kizuizi cha askari wa mpaka. Pasipoti ya mama na zenu zikae garini, zisibaki Minneapolis.

BintiChumbageni

Wakuu, sina cha kuwalipa. Tumeamua ndege mpaka Phoenix, tikiti tumepata za usiku wa manane ndizo rahisi. Gari tumekodi kwa mtu binafsi, usiku nane. Mama nimemwambia leo. Ameniuliza kama kule kuna mbuzi.

Nitaleta mrejesho.

BintiChumbageni

MREJESHO, Desemba 30.

Tuko hapa siku ya sita. Kilichoharibika nianze nacho: usiku wa pili betri ziliisha saa 9, hita ikazima, tukaamka tunatetemeka. Mwenye gari alikuwa ametuhakikishia ni mpya. Jirani, mzee kutoka Saskatchewan, Kanada, alitoka na koti la kulalia akatuunganishia waya kutoka kwenye betri zake za sola. Asubuhi hakutaka hata asante, alitaka chai ya maziwa na tangawizi aliyoisikia harufu yake jana yake. Mama anamchemshia kila siku sasa.

Sukari yake ya asubuhi imeshuka. Nesi, nadhani ni kutembea. Anatoka saa 3, anazunguka magari yote ya mstari wetu akisalimia, na wote wanaitikia. Wanamwita "Mama", wanadhani ndilo jina lake.

Juzi tulikwenda makaburi ya hapa mjini. Kuna kaburi la piramidi ya mawe, juu yake ngamia wa shaba. Ni la Haji Ali, inasemekana mtu wa Sham (Siria), aliyeletwa miaka ya 1850 na jeshi la Marekani kuendesha ngamia walipotaka kuwajaribu jangwani. Waamerika jina liliwashinda, wakamwita Hi Jolly, na ndivyo kibao kilivyoandikwa. Alifia hapa 1902. Mume wangu alipomsomea mama jina lake halisi, mama alisimama, akavuta kanga kichwani, akainua mikono akamsomea Fatiha. Watalii wawili waliokuwa wanapiga picha wakavua kofia.

Hapa watu wengi wanaokota na kukata mawe. Jirani wa upande wa pili, mjane wa miaka 74, amemuonyesha mama jinsi ya kuyatafuta: unachukua jiwe la vumbi lisilo na sura, unalimwagia maji kidogo, rangi inatoka. Hawasikilizani hata neno moja, wanashinda wote wameinama. Jana mama alilowanisha moja, likawa jekundu kama damu ya mzee, akapiga kelele, "Akiki! Hii ni akiki!" Babu yangu alikuwa na pete yake. Yule mama wa kizungu naye akawa anasema agate, agate, wanaelekezana kidole.

Jana adhuhuri upepo ulianza, tukafunga madirisha kama ulivyosema, Nesi. Ndiyo nikakaa nikaandika ile karatasi, lugha zote mbili, tarehe zote. Mama akanisikiliza nikimsomea, akaikunja mara nne, akaitia kwenye kipochi cha pasipoti pamoja na akiki yake.