Wakala wangu kasajili jina la bibi yangu, halafu mimi ndiye nimeletewa barua ya kuacha kulitumia!

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Uzi utakuwa mrefu na naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Mods, naomba msiuunganishe na uzi mwingine.

Natengeneza pilipili ya chupa hapa Morogoro tangu 2017. Pilipili mbuzi, kitunguu saumu, ndimu, mafuta ya alizeti. Jina la kwenye lebo ni jina la utani tulilompa bibi yetu tukiwa watoto. Halimo kwenye kamusi, na kwa mtu asiye wa nyumba yetu halina maana yoyote. Sitaliandika hapa kwa sababu mtaona mbele.

Jumanne iliyopita kijana wa bodaboda kaniletea bahasha ya kaki. Wakili kutoka Mwanza. Naambiwa ndani ya siku 14 niache kutumia jina hilo, niondoe mzigo wote madukani na nilipe fidia kwa kuingilia alama ya biashara ya mteja wake. Na mteja mwenyewe ni nani? Aliyekuwa wakala wangu wa Kanda ya Ziwa! Yule yule niliyekuwa nampakilia maboksi kwenye basi, ananipigia alfajiri, "Dada, mzigo nimepokea, huku unakimbia balaa." Tuliachana 2022 baada ya malipo kuwa ya nusu nusu na simu kuanza kutopokelewa. Nikasema basi, yameisha. Kumbe mwenzangu ndiyo kwanza alikuwa anaanza.

Mdogo wangu yuko Mwanza, kanitumia chupa ya huyo bwana. Nimeiweka mezani pembeni ya yangu. Kinu cha kwenye lebo ni kile kile alichonichorea mtoto wa kaka yangu kwa penseli, mchi umelalia kushoto. Kwenye viungo imeandikwa "mafuta ya alzeti". ALZETI! Hilo ni kosa langu mimi, la lebo ya kwanza kabisa, stika 500 nilizochapisha Kariakoo. Nililiona nikiwa tayari nimeshalipa, hela ya kurudia sina, nikazibandika hivyo hivyo huku naona aibu. Mtu kaiba mpaka kosa la tahajia.

Sasa najua mtaniuliza, kwani wewe hukusajili? Nilisajili! 2018 kuna jamaa ana meza nje ya duka la steshenari, anajiita mtaalamu wa usajili. Kachukua laki na nusu, kaniletea cheti cha jina la biashara, akaniambia, "Hapo mama umemaliza, hakuna wa kukugusa." Nikakitia fremu. Kiko ukutani mpaka leo, juu ya friji.

Nilichokuja kuelezwa na mwanasheria wiki hii, tena kwa kulipia, ni kwamba jina la biashara na alama ya biashara ni vitu viwili, vya sheria mbili. Vyote vinasajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, ndiyo maana watu tunachanganya. Cheti cha jina la biashara kinaeleza ni nani anafanya biashara chini ya jina fulani, ili anayekudai ajue anamdai nani. Hakikupi umiliki wa hilo jina kwenye chupa. Umiliki wa kumzuia mwingine unatoka kwenye Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986, na unapatikana kwa kusajili alama yenyewe kwa ajili ya bidhaa fulani. Ukisajili unakaa nayo miaka 7, kisha unahuisha kila baada ya miaka 10. Yaani yule jamaa wa meza aliniuzia kitasa, mlango hakuweka.

Na siyo yeye tu. Nimehudhuria semina za wajasiriamali mpaka begi la vitambulisho vya kuvaa shingoni limejaa. Nimefundishwa TIN, leseni, barua ya SIDO (shirika la viwanda vidogo) ya kupeleka TBS (shirika la viwango), na msimbopau, ile mistari ya kuskani dukani. Hakuna hata mtoa mada mmoja aliyesimama akasema: jamani, alama ya ubora ya TBS inahusu kilichomo ndani ya chupa, jina lako hailindi. Wala zile namba zinazoanza na 620 hazilindi jina, zinaonyesha tu kwamba msimbo umetolewa na GS1 Tanzania, wale wanaogawa misimbopau. Mimi nilikuwa naziangalia kwenye lebo najiona nimejengewa ukuta pande zote nne.

Halafu kuna hili, nalisema kwa aibu. Aliyenitengenezea lebo mpya aliniwekea ile R ndani ya duara, eti "inapendezesha". Mwanasheria alipoiona alishika kichwa. Ile ni ya aliyekwisha kusajiliwa. Asiyesajili anaruhusiwa kuandika TM (yaani "trademark"), basi. Na wakili wa yule bwana hajaiacha, kaitia kwenye barua aya ya tatu, kwamba najitangaza kuwa na usajili nisiokuwa nao. Hapo sina jibu.

Kinachoniuma kuliko vyote ni hizi siku 60. Mtu akiomba alama, ikikubaliwa inatangazwa kwenye jarida rasmi, na yeyote mwenye pingamizi ana siku 60 za kulipeleka. Jina la bibi yangu lilikaa kwenye tangazo siku zote hizo, mimi niko jikoni nakoroga sufuria. Nani alisoma? Silaumu ofisi, wametangaza kama sheria inavyotaka. Najilaumu mimi, maana 2018 hiyo hiyo nilikuwa mstari wa mbele mitandaoni kuwalaani Disney kwa kusajili "Hakuna Matata". Mnakumbuka? Waliomba Marekani 1994, wakasajiliwa 2003, kwa ajili ya nguo. Nikasaini ule waraka wa malalamiko na kuusambaza kwenye magrupu yote ya familia. Nalinda maneno ambayo hakuna wa kunizuia kuyatamka, jina la nyumbani kwetu nimeliacha nje usiku kucha.

Hali ilivyo kwa sasa. Duka kubwa la Msamvu ninalolipelekea mzigo wameshaniambia, "Mama, samahani, toa kwanza mzigo wako, tusije tukaunganishwa kwenye kesi." Chupa 340 ziko sebuleni. Mwanasheria anasema jina bado linaweza kupiganiwa: tuombe usajili wake ufutwe kwa hoja kwamba mimi nilitumia kwanza, na kwamba yeye aliomba akijua fika si lake, maana alikuwa anauza kwa niaba yangu. Lakini anataka ushahidi wenye tarehe. Nimepekua nyumba nzima. Nimepata ankara ya stika 500, picha za banda la Nanenane, oda za WhatsApp, na mchoro wa kinu wenye doa la chai. Simu niliyokuwa nawasiliana nayo na wakala mwaka wa kwanza iliingia kwenye ndoo ya maji, na meseji zake zimekwenda nayo.

Kichekesho ni kwamba alama husajiliwa kwa makundi ya bidhaa na huduma, na yeye alisajili kundi la 30 tu, ambako ndiko iliko sosi ya pilipili. Yako makundi 45. Achari ya maembe iko la 29, na yeye hakuligusa. Tumepeleka ombi jana. Yaani pilipili ya bibi kachukua, mimi nimebakiziwa maembe, na hayo nayo huenda akayapinga.

NYONGEZA: Mnaoniuliza inbox kama cheti cha Bara kinafika Zanzibar, hapana. Kule wana sheria yao na msajili wao, unaomba upya. Kenya hivyo hivyo, upya.

NYONGEZA 2: Mkuu uliyesema "badilisha jina tu, maisha yaendelee", bibi yangu bado yu hai. Ana miaka 81. Kaniuliza juzi kwa nini chupa hazitoki sebuleni, nikamwambia gari limeharibika.

Ninachoomba: aliyeko Mwanza, Geita, Musoma au Bukoba, ukikuta pilipili yenye kinu na imeandikwa "alzeti", nunua moja, dai risiti ya EFD, piga picha lebo na risiti pamoja, nitumie inbox. Hela nitarudisha kwa M-Pesa siku hiyo hiyo.