Babu alikuwa mgambo 1978, nirekodi vipi simulizi zake?

Muuliza: Wakuu, babu alipigishwa kwata hapa kijijini kabla ya kupelekwa vita ya Kagera. Bunduki hazikutosha, anasema, wakabeba miti iliyochongwa. Tatizo nikiwasha simu kurekodi, ananyamaza. Nifanyeje?

Jibu: Usianze na vita. Muulize alikuwa wapi Nyerere alipotangaza redioni kwamba tutampiga Idi Amin, Novemba 1978. Mzee wangu mimi alifunguka tulipofika uwanja wenyewe alikopigia kwata: mkongojo begani, "kushoto, kulia!" Simu ilikuwa mfukoni (kwa ruhusa yake).

Jibu: Andika na majina ya wenzake. Na hiyo sauti itunze sehemu mbili, simu zinaibwa.

Muuliza: Mkongojo begani, nimecheka! Kesho asubuhi nampeleka kwenye mwembe walipokuwa wakipanga mstari.