DPF (filta ya masizi ya dizeli) inajaa kila mara: platinamu au dawa ya seriamu kwenye tangi?

Dereva_Mbezi: Wakuu, nina gari la dizeli lililotumika Japani. Kazini ni Posta, foleni asubuhi na jioni. Taa ya DPF imewaka mara ya tatu mwaka huu. Fundi mmoja anataka nitafute filta yenye platinamu, wa pili anasema niweke dawa ya seriamu kwenye dizeli, wa tatu anataka kuikata na kuitoa filta kabisa. Nishaurini.

Masizi_na_Moto: Mkuu, anza na joto. Masizi yakiachiwa oksijeni peke yake yanataka karibu nyuzi 600 ndipo yaungue, na moshi wa gari lililo foleni mara nyingi haufiki hata 250. Vichocheo vyote, yaani vitu kama platinamu na seriamu vinavyosaidia masizi kuungua kwa joto dogo, vinahangaika na pengo hilo. Platinamu inageuza NO, gesi ya nitrojeni na oksijeni iliyomo kwenye moshi, kuwa NO2 yenye oksijeni zaidi, nayo NO2 inaanza kuyala masizi kwenye nyuzi 250 hadi 300. Ni gesi, kwa hiyo inapenya popote masizi yalipo. Seriamu lazima igusane nayo, ndiyo maana inachanganywa kwenye mafuta: chembe zake zinanaswa ndani ya masizi yenyewe na kuyapa oksijeni, yanaungua kwenye nyuzi 450 hivi. Peugeot walianza nayo kwenye gari lao la 607 mwaka 2000.

MamaMalori: Malori yangu ya Tunduma yana platinamu na sijutii. Kupanda mlima Kitonga na mzigo, moshi ni wa moto, filta inajisafisha njiani. Ila kuweni makini na dizeli ya madumu. Kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kilitaka salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Ikizidi sana, platinamu inalemewa na kuanza kutengeneza salfeti badala ya NO2.

Kijana_wa_Maabara: Na potasiamu? Kwenye majaribio inawasha masizi vizuri kuliko hizo.

Masizi_na_Moto: Inawasha kweli, kwa sababu inatembea na kuyafikia masizi. Lakini kwa kutembea huko huko inapeperuka na joto na kuoshwa na mvuke. Haidumu barabarani.

Dereva_Mbezi: Basi ninunue seriamu?

Masizi_na_Moto: Hapana, mkuu. Hata hizo 450 huzifikii foleni. Kwenye 607 kompyuta ilikuwa inaongeza dizeli kwa makusudi ili kupandisha joto. Dawa ilipunguza tu kazi hiyo. Tena seriamu haiungui, inabaki majivu ndani ya filta, na majivu hayaondoki kwa moto wowote. Jumapili shika barabara ya Chalinze, mwendo usiokatika nusu saa, uiache imalize kujisafisha. Angalia kijiti cha oili pia: kikionyesha oili imeongezeka, dizeli iliyoongezwa kwa usafishaji uliokatizwa imeshuka humo, badilisha, na uweke oili ya majivu machache.

MamaMalori: Kuikata usikubali, tafadhali. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliutangaza moshi wa dizeli kuwa unasababisha saratani. Watoto wetu wanasimama vituoni nyuma ya hayo mabomba.

Dereva_Mbezi: Sikati. Kijiti nimekitazama sasa hivi, oili iko juu ya alama.

Masizi_na_Moto: Usiende Chalinze kabla ya kuimwaga. Na wapime nozeli zinazopulizia dizeli kwenye injini. Moja ikivuja, hakuna kichocheo kitakachokuokoa.