Mrejesho: kodi ya mirathi, nyumba ya wazazi Uingereza

Wakuu, asanteni. Niliuliza kama tutakatwa asilimia 40 ya kila kinachozidi pauni 325,000, maana mama ameacha nyumba ya 560,000 na akiba ya 210,000. Hatulipi hata senti! Baba alipofariki 2019 alimwachia mama kila kitu, na urithi wa mke na mume hautozwi, kwa hiyo msamaha wa baba (ile 325,000 isiyotozwa kodi) haukuguswa. Unahamia kwa mama. Ukijumlisha na wa mama mwenyewe, hapo ni 650,000. Nyumba nayo ina nyongeza, 175,000 kwa kila mzazi, kwa sababu inakuja kwetu watoto (ingekwenda kwa mjomba tungeikosa). Jumla milioni moja. Ila lazima uombe: fomu IHT402 na IHT436 kuhamisha sehemu za baba, na IHT435 kwa nyongeza ya nyumba ya mama mwenyewe. Cheti chao cha ndoa ndicho kilichotutoa jasho, tukakikuta kwenye sanduku la kanga.