Nimeshanunua pikapu: majibu kwa mlioniuliza

Salaam wanajumuiya,

Tangu mwione pikapu nje ya ukumbi siku ya kikao cha harusi, simu yangu haitulii. Umenunua nini, bei gani, kwa nini hiyo? Najibu mara moja hapa hapa.

Ni Toyota Tacoma ya 2015, injini ya V6 (silinda sita) ya lita 4.0, maili 118,000, dola 19,800. Najua, ni ghali kwa umri wake. Ford F-150 ya mwaka huo ningeipata kwa bei ya chini na nafasi kubwa zaidi. Hilux tulizozizoea nyumbani, huku Marekani hatuzipati. Pikapu zinazoagizwa kutoka nje zilianza kutozwa ushuru wa asilimia 25 mwaka 1964, chanzo chake ugomvi wa Marekani na Ulaya kuhusu kuku wa kugandishwa. Kuku jamani!

Ila ukinunua jina tu utaumia. Toyota hao hao walishtakiwa kwa chesisi kuoza, na mwaka 2016 wakakubali suluhu iliyogusa Tacoma za 2005 hadi 2010. Mwaka 2024 wakaita pikapu zao za Tundra za 2022 na 2023 zirudi kutengenezwa, kama 100,000 hivi pamoja na Lexus, kwa sababu ya mabaki ya chuma yaliyosahaulika ndani ya injini kiwandani. GM nao, wenye Chevrolet (Chevy), Aprili 2025, waliita karibu magari 600,000 hapa Marekani yenye V8 ya lita 6.2, ya 2021 hadi 2024, pikapu za Silverado na Sierra zikiwemo. Shida iko kwenye kranki na beringi. Silverado yenye lita 5.3 haimo kwenye mwito huo. Kwa hiyo ukiniuliza "Chevy ni nzuri?" nami nitakuuliza: injini ipi, mwaka gani?

Kwetu Minnesota adui wa kwanza ni chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, maana inaleta kutu. Kabla ya hii nilienda kuangalia pikapu nyingine, ya kampuni gani sisemi. Juu inang'aa kama ya bwana harusi. Nikatandika kadibodi kwenye barafu, nikajisukuma chini na tochi na nyundo ndogo. Chesisi ilikuwa imepakwa rangi nyeusi mbichi, hata harufu yake haijaisha. Nikagonga karibu na gurudumu la nyuma, nikitegemea sauti ya "ting". Ikaja "pwa", nyundo ikazama kama kwenye kiazi kilichooza, vumbi la kutu likanijaa machoni. Muuzaji amesimama pembeni na kahawa yake: "Hiyo ni kutu ya juu juu tu." Nikamshukuru, nikachukua kadibodi yangu.

Hii niliyonunua ilitoka kwa mzee aliyekuwa akiipulizia mafuta ya kuzuia kutu kila vuli, na stakabadhi zote anazo kwenye bahasha. Nilinunua ile bahasha kuliko gari.

Kabla hujalipa, chukua namba ya chesisi, zile herufi na tarakimu 17, uiingize kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya serikali ya usalama barabarani. Ni bure, na itakuonyesha kama gari lina mwito ambao haujafanyiwa kazi.

Ni mimi, wa Minneapolis

---

Kaka,

Huku Houston kutu tunaisoma kwenye barua zenu tu. Nina F-150 yenye V8 ya lita 5.0, ina bodi ya alumini kama zote tangu 2015, na sijajuta. Umelipia jina.

Wa Houston

---

Shikamoo kaka wa Minneapolis,

Mie niko Columbus, nimepata pikapu ya Nissan Frontier ya 2008 kwa bei poa sana. Niende?

Dada yenu

---

Jambo ndugu,

Nikichoka na Tacoma kama hiyo, naweza kuituma Bukavu? Na binamu yangu wa Nairobi naye anaitaka.

---

Marahaba dada. Frontier za otomatiki za 2005 hadi 2010 zina ugonjwa unaojulikana: kipoza oili ya giaboksi kimo ndani ya rejeta, kikitoboka maji yanaingia kwenye giaboksi na kuiua. Muulize muuzaji kama rejeta ilishabadilishwa, na akuonyeshe risiti. Bila risiti, usiende.

Houston, nakubali nimelipia jina, sibishi. Lakini ukihamia huku kumbuka alumini ni bodi tu, chesisi yako bado ni chuma.

Ndugu wa Bukavu, Kongo mnaendesha kulia, kwa hiyo usukani wa kushoto si tabu. Injini ya lita 4.0 ni ile ile ya Prado za petroli, mafundi wa huko watakuwa wanaijua. Binamu wa Nairobi mwambie asahau: gari la kawaida lenye usukani wa kushoto halisajiliwi Kenya, wala lililozidi miaka minane.

Na wale mnaohama mwisho wa mwezi: nimeshapokea maombi manne ya kubeba makochi, na gari halijamaliza hata wiki tatu. Jumamosi asubuhi imejaa. Mchana nina nafasi moja, ila petroli juu yako, na mtu wa kushika upande wa pili wa kochi uje naye.