Basi la Dodoma wametuwekea movie ya Deadpool, na mimi nimekaa na MAMA MKWE!!!

Wakuu, nimeshuka Dodoma saa hii hii, hata begi sijafungua. Hawa jamaa mnawajua, jina silitaji.

Nilikuwa na mwanangu wa darasa la pili na mama mkwe, mzee wa kanisa, kavaa kitenge chake cha Siku ya Wanawake. Kitenge mkishike, kina kazi huko mbele. Tumevuka Chalinze, konda anachomeka flashi. Nikamuuliza, kaka, hiyo inafaa watoto? "Ni ya Marvel hiyo bro, kama Spiderman, watoto ndo wanaipenda." Kisa steringi kavaa nguo nyekundu!

Mwanzo watu wanakatwa vichwa, damu kama machinjio ya Vingunguti. Mama mkwe katulia, ananiuliza huyu mwekundu ndo steringi? Ndiyo mama. Nikajua tumepona.

Kikaja KILE kipande. Walioiona mnakijua. Steringi na mchumba wake kitandani, na wanafuata kalenda! Valentine. Nikasema inapita. Mwaka Mpya wa Kichina. Konda anapapasa rimoti. Halafu SIKU YA WANAWAKE DUNIANI. Kitenge kimeandikwa Machi 8 kifuani! Basi zima kimya, dogo anauliza kwa sauti: "Bibi, wanafanya nini?" Wakuu, KAMUULIZA BIBI.

Mpaka Gairo mama kajifunika ushungi, hata chips za njiani kakataa. Konda wewe, kama unasoma hapa, mvua ikunyeshee ukiwa juu ya keria!

Bwana Keria: Mkuu umekumbuka sikukuu zote kwa mpangilio. Inaonekana hukupepesa macho.

mchagga_wa_tandika: Bibi alijibuje? Usitukatie uhondo.

Mleta uzi: Alisema "wanasali." WANASALI, wakuu. Siku ya Wanawake Duniani!

Fundi Runinga: Tuwe wakweli, ile Marekani ilipewa R mwaka 2016. Maana yake chini ya miaka 17 aingie na mzazi au mlezi. Dogo alikuwa na mzazi NA bibi. Kwa hiyo uko ndani ya sheria, hongera.

Mleta uzi: Hongera ya nini wewe?

nyuki_mkali: Deadpool ya pili wenyewe waliikata makali 2018, wakatoa toleo la PG-13, yaani wazazi wawe makini na walio chini ya miaka 13. Mwambie konda aitafute hiyo.

wa_Kisumu: Huku Kenya bodi inaandika 16 ama 18 kwa filamu, lakini matatu ikishaanza kutembea nani anasoma?

Bwana Keria: Mama yako mkwe ataielewa Siku ya Wanawake ya mwakani vizuri zaidi.

siti_ya_dirishani: Nyie mnalia na movie? Mimi AC imenidondoshea maji toka Morogoro, konda ananiambia "ni baraka." Na soda wamebadilisha, siku hizi wanagawa maji madogo.

mchagga_wa_tandika: Maji madogo na biskuti mbili zilizovunjika.

nyuki_mkali: Nyie mnapewa biskuti?? Basi gani hilo, niambieni, Ijumaa naenda Singida.

Mleta uzi: Jamani, uzi wangu...

siti_ya_dirishani: Ijumaa ya saa kumi na mbili usipande, choo chake hakifungi. Panda la saa moja, ila siti za nyuma uziogope.