Naomba ushauri: krispi "zisizo na mafuta" zinaninenepesha?

Habari zenu wapendwa. Naishi Marekani na familia yangu, na nyumbani bado tunapika kama kwetu Tanga: wali wa nazi, chapati, samaki wa kukaanga. Ili nipungue nikaanza kununua krispi na mayonezi zilizoandikwa hazina mafuta. Miezi mitano sasa, nimeongezeka kilo nne. Naogopa, maana presha iko kwenye ukoo wetu.

Nimesoma utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue wa 2011. Panya waliolishwa mlo wa mafuta mengi, wakawa wanapewa krispi za kawaida na siku nyingine za olestra, yale mafuta bandia yasiyomeng'enywa, walikula zaidi na kunenepa kuliko waliopewa za kawaida tu. Wa mlo wa mafuta kidogo hawakupata shida hiyo. Watafiti walieleza kwamba ladha ya mafuta isiyoleta nguvu huenda inauchanganya mwili. Panya si binadamu, najua, lakini mlo wao unafanana mno na wangu!

Je, niache hizi mbadala kabisa, au nianze na tui na mafuta ya chapati? Aliyepungua bila kuacha mapishi ya kwetu, tafadhali anieleze alianzia wapi.